Fundo la Amosi

Haya yalimpata rafiki yangu Thirza, huku kwetu kwenye vinamasi vya Norfolk, Uingereza, baada ya mumewe Amosi, mkata matete, kuzama asionekane tena.

Thirza alikuwa anakwenda kuirudisha nyumbani mashua ya marehemu, iliyobaki kule kwenye matete.

"Shemeji, na ukungu wote huu? Si ungoje kesho!" nduguye Amosi akamwambia.

"Nimengoja vya kutosha, shemeji."

Katikati ya matete mchana uligeuka kiza. Akasikia mundu: kwaru, kwaru.

"Amosi! Twende nyumbani, mume wangu, chai inapoa."

Mundu ukanyamaza.

Alikuta mganda mmoja mbichi wa matete, umefungwa kwa fundo la mkono wa kushoto, lile la Amosi, ambalo Thirza alikuwa akimtania kwalo siku zote. Akalishika. Lilikuwa bado na joto la kiganja.