Makohozi ya Oryem

Acayo aliuza odii, ufuta uliosagwa, katika soko la Kalerwe. Jua likishuka kidogo tu, alikimbia nyumbani na kufunga madirisha yote. Majirani walidhani anaogopa wezi. Wezi gani? Nyuma ya pazia la chumba chake alijificha Oryem, shemeji yake, askari Mwacholi aliyetoroka kambini serikali ilipoanza kuwaua askari wa kabila lake. Na Oryem alikohoa usiku kucha.

Mara Tarcisio, mume wa Acayo, akapimwa hospitalini. Akakutwa na kifua kikuu. Wiki hiyo hiyo musawo Rukiah, mfanyakazi wa afya, akabisha hodi. Alikuwa Mnubi, na watu walinong'ona kwamba Wanubi ni macho ya serikali. Acayo akauziba mlango kwa mwili wake.

"Mama Lakot, humu mnalala wangapi?"

"Watatu, musawo. Mimi, Baba Lakot na mtoto."

"Wote lazima mpimwe. Ugonjwa huu haukai kwenye kikombe wala sahani. Mgonjwa akikohoa, vijidudu vinabaki hewani, na mkifunga madirisha mnavivuta nyote."

Palepale mlangoni Rukiah alimchoma mtoto Lakot sindano ndogo ya kupima. Kisha akampa Acayo kikopo. "Asubuhi kabla ya chai, kohoa kutoka ndani ya kifua. Mate matupu hayafai."

Acayo akampa Oryem kikopo kile. Alitaka shemeji apimwe bila kujulikana, akajiona mjanja kweli kweli. Haya, mjanja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Siku chache baadaye Rukiah alirudi.

"Mama Lakot, makohozi yako yana kifua kikuu. Tunaanza sindano leo."

Acayo akatoa mkono. Rukiah akaushika, akautazama. Mkono ulikuwa mnene, wenye afya. Akaiweka sindano chini.

"Sijakusikia ukikohoa hata mara moja. Makohozi yale ni ya nani?"

Acayo akaurudisha mkono wake.

"Nikikuchoma wewe, mwenyewe haponi. Atakufa. Lakot mpaka leo hajaambukizwa, lakini analala na mgonjwa yule nyumba moja. Tungoje mpaka lini?"

Akisema, watu wa serikali wangeweza kumchukua Oryem. Akinyamaza, angemzika mtoto.

"Musawo, ukimtaja wataniulia shemeji."

"Mimi natafuta kikohozi. Mengine siyaulizi."

Acayo akavuta pazia.

Oryem alichomwa sindano na kupewa vidonge siku hiyo, na siku zilizofuata. Madirisha yakafunguliwa. Alipopata nafuu, alitaka kuacha vidonge.

"Nimepona, shemeji," alisema.

"Umepata nafuu. Kupona ni mpaka musawo aseme. Meza."

Akameza zaidi ya mwaka, hata kikohozi kikaisha kabisa. Tarcisio naye akapona. Acayo alipimwa kwa makohozi yake mwenyewe, na Lakot akapimwa tena; wote wakakutwa wazima. Ndipo alfajiri moja Oryem akaaga, akavuka mpaka kwenda Sudani kwa miguu yake mwenyewe.

Asubuhi hiyo Acayo hakwenda sokoni. Alifuatana na Rukiah nyumba kwa nyumba. Kwa Adong, mlango ulifunguliwa nusu.

"Sisi hatuna mgonjwa," alisema Adong.

Ndani mtu alikohoa. Adong akataka kufunga, lakini Acayo akaweka mguu mlangoni.

"Adong, mimi nilimficha wangu, nikakaribia kumuua. Huyu musawo namjua. Mtoe wako."

Adong akauachia mlango. Kisha akageuka, akaita, "Baba, njoo."