Ekspati wa Gredi ya Sita

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyanchoka alimkatia ng'ombe wao majani ya napia pembeni mwa shamba la chai, nje kidogo ya Keumbu. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Darasani walimwita Ekspati. Mwalimu Ongeri aliwaeleza kwamba neno hilo la Kiingereza maana yake ni mtaalamu, mtu mwenye ujuzi mwingi, na kwa kuwa Nyanchoka hakukosa jibu, jina likamganda kama kupe.

Jumapili moja ng'ombe alivimba upande wa kushoto, tumbo likawa gumu kama ngoma. Mama akataka kumpigia simu Mokua, daktari wa mifugo.

"Usimsumbue, Mama. Ni minyoo tu. Nilisoma kitabuni."

Mama, ambaye hakumaliza shule, alimwamini. Wakamnywesha ng'ombe dawa ya minyoo. Kabla ya adhuhuri akaanguka, akafa.

Nyanchoka hakulia. Alitazama majirani wakichimba shimo kana kwamba ni katika shamba la watu wengine. Ugali haukuwa na ladha. Shuleni walipoita "Ekspati!" aliitika tu. Mama hakumgombeza, wala hilo halikumpa nafuu.

Wiki mbili baadaye ndama aliyeachwa na ng'ombe huyo naye akaanza kuhara. Mama akamgeukia Nyanchoka. "Unaonaje?"

Nyanchoka akajibu, "Sijui, Mama. Mpigie daktari."

Mokua alikuja, akampima ndama joto, akamdunga sindano. Aliporudi siku ya nne, ndama alikuwa amesimama, anakunywa kwa pupa maziwa ya jirani kwenye ndoo aliyoishika Mama. Mokua akauliza mama wa ndama alikufaje. Nyanchoka akasema yote.

"Ni mimi niliyesema ni minyoo, daktari. Shuleni wananiita ekspati."

Mokua hakucheka. "Ile ilikuwa gesi iliyojaa tumboni. Ningefika mapema, huenda angepona. Lakini sikiliza, mwanangu. Asili ya neno hilo ni mtu aliyelijaribu jambo mpaka akalijua. Mimi nina miaka ishirini katika kazi hii, na bado kuna siku nasimamisha pikipiki njiani nimpigie mwenzangu, nimuulize. Kusoma ni vizuri. Kibaya ni kuona haya kusema hujui. Juzi ulisema, na ndama yuko hai."

Machozi yakamtoka Nyanchoka, ya kwanza tangu Jumapili ile, na Mama akaiweka chini ndoo akamkumbatia.