Gurudumu la Kuazima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Anisia aliteka maji lamboni, akafagia uwanja, kisha akachukua kitambaa na kuipangusa pikipiki ya kaka yake. Kazi hii ya mwisho hakutumwa na mtu. Kijijini kwao, karibu na Kishapu, pikipiki zilikuwa mbili tu: hiyo ya Marselino, na nyingine ya aina hiyohiyo, mali ya Donatus, karani wa pamba. Wanafunzi wenzake wa darasa la sita walimwita "dada wa pikipiki", na tuseme ukweli, jina hilo lilimvimbisha kichwa kidogo.

Marselino alipeleka maziwa ya wafugaji mjini Shinyanga. Kwa kazi hiyo alijilisha yeye, mdogo wake na bibi yao, Paskazia, aliyewalea tangu wazazi wao walipofariki. Bibi alikula jasho la pikipiki, lakini kuipanda alikataa katakata.

"Ng'ombe ana miguu minne na bado huanguka," alisema. "Sembuse hicho chenye miwili!"

Ndipo ilipokuja amri. Balozi wa nyumba kumi alipita akitangaza kwamba tangu mwezi ule kila pikipiki lazima ikaguliwe na askari wa usalama barabarani mjini. Itakayofaulu itabandikwa stika. Isiyo na stika itakamatwa.

Marselino alinyong'onyea. Breki ya nyuma ya pikipiki yake ilikuwa imekwisha kabisa, ya mbele ilishika kwa kubembelezwa, na miaka ile ya themanini vipuri vilikuwa adimu kuliko mvua ya Agosti. Pikipiki ikikamatwa, maziwa yangeganda ndani ya madebe na wao wangelala njaa.

"Tutaazima," alisema hatimaye.

Kijijini kwao kuazima hakukuwa jambo la aibu. Watu waliazimana maksai wa kulimia, plau, vyungu vya sherehe, hata suruali ya kufungia ndoa. Donatus naye hakuona tatizo. Marselino alilifungua gurudumu la nyuma la pikipiki ya Donatus, pamoja na breki yake mpya, akalifunga kwenye yake. Anisia alimshikia spana.

"Kaka, na tukishalirudisha?"

"Tukishalirudisha, stika inabaki. Nawe ufunge mdomo, hasa kwa bibi."

Jumamosi walikwenda wote wawili Shinyanga. Sajini Telesphori aliwasha taa, akapiga honi, akabonyeza matairi. Kisha akaiendesha mwenyewe na kufunga breki ghafla. Pikipiki ikasimama palepale.

"Breki safi. Umeitunza, kijana," alisema, akabandika stika.

Njiani walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kesho yake gurudumu lilirudi kwa mwenyewe.

Bibi Paskazia alipoiona ile stika, aliisogelea na kuigusa kwa kidole. Hakujua kusoma, akamwuliza Anisia.

"Mjukuu wangu, hapa pameandikwa nini?"

"Imekaguliwa. Ni salama barabarani."

"Serikali ndiyo imesema hivyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe unasemaje? Ni nzima kweli?"

Anisia alimtazama kaka yake, aliyekuwa akifunga madebe ya maziwa. Marselino alimkazia macho. Anisia akaigeukia stika.

"Ni nzima, bibi."

Wiki ileile ililetwa habari kwamba Melania, mdogo wake bibi, aliyeishi ng'ambo ya mto, alikuwa mahututi.

"Kwa miguu sitamkuta hai," bibi alisema. "Marselino, nipandishe."

Marselino alisita, akakuna kichwa. "Haya, bibi. Tutakwenda polepole."

Bibi alijifunga kanga yake mpya, akaketi upande na kumshika mjukuu wake kiunoni. Akampungia Anisia mkono huku akicheka kama msichana. Anisia alifungua mdomo aseme, akaufunga.

Kwenye mteremko wa mto, kundi la ng'ombe lilikuwa likipanda barabarani kutoka kunywa maji. Marselino alikanyaga breki, nayo ikashuka bila kushika kitu. Alipokaza ya mbele, pikipiki iliserereka na kuanguka. Yeye alivunjika mkono. Bibi Paskazia aligonga kichwa kwenye jiwe, na hakuamka tena.

Msibani watu walisema, "Ni mipango ya Mungu." Kila aliposikia hivyo, Anisia alitamani kuziba masikio. Alijua ni mipango ya nani.

Matanga yalipoanuliwa, alimwendea kaka yake. "Bibi aliniuliza mimi," alisema. "Aliniuliza kama ni nzima, nikamwambia ni nzima."

Marselino akalia mbele ya mdogo wake. Kisha akaibandua stika, nao wakapanda basi kwenda Shinyanga.

Sajini Telesphori aliwasikiliza mpaka mwisho. Akaipokea ile stika.

"Mlipoondoka hapa mlidhani mmenishinda," alisema. "Mimi nalala mjini. Mteremko wenu sijaupita hata siku moja. Marselino, hukunidanganya mimi. Ulimdanganya aliyeketi nyuma yako. Sasa utajibu mahakamani, na pikipiki italetwa hapa, ikae mpaka ipate breki yake yenyewe."

"Nimekubali, afande."

Sajini akamgeukia Anisia, sauti ikashuka. "Nawe mwanangu, mzigo wa watu wazima usiubebe wote. Lakini sehemu yako ichukue. Mtu akikuuliza, 'Ni kweli?', ameweka maisha yake mkononi mwako. Ukweli ungewanyima maziwa ya miezi michache. Uongo umewanyima bibi yenu. Muwe wakweli, hata ukweli ukiwalaza njaa."

Marselino alitozwa faini. Mkono ulipopona alishika jembe, akalima pamba, na baada ya mavuno akapata breki mpya, ya kununua. Pikipiki ikakaguliwa upya na kufaulu.

Siku moja jirani yao Generosa, mjamzito, alikuja akijishika kiuno. Alihitaji kufikishwa zahanati.

"Anisia, pikipiki yenu ni nzima?"

Anisia hakuitazama stika. Alichuchumaa, akalizungusha gurudumu la nyuma, akabonyeza breki. Likasimama. Akalizungusha tena, akabonyeza tena.

"Ni nzima, mama," alisema, machozi yakimtiririka.

Generosa hakuuliza kwa nini analia. Alimpapasa begani, akapanda nyuma ya Marselino.