Kitovu cha Dzombo

Kanze hakumruhusu mtu kumwogesha mwanawe Dzombo. Kila asubuhi alijifungia naye uani, nyuma ya ua wa makuti. Mavyaa yake, Bi Jumwa, alinung'unika kwamba katika kijiji kizima cha Bongwe hajaona mjukuu anayefichwa nyanya yake.

Mtoto alikuwa na mwaka na nusu, na korodani yake moja haikuwapo. Upande wa kushoto wa mfuko ulikuwa mtupu. Kanze aliamini kosa ni lake. Siku ya sita baada ya kujifungua alipitiwa na usingizi. Alipozinduka, aliona kitovu kimekatika na kumwangukia mtoto sehemu za siri. Alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba mtoto wa namna hiyo hawi mwanamume kamili. Alikizika upesi, asimwambie mtu.

Siku ya kupima uzito kliniki, Sista Teresa, muuguzi kutoka bara, alimvua Dzombo nguo. Akampapasa, kisha akarudia kumpapasa. Kanze akaangua kilio, akaeleza yote.

"Mama Dzombo, kitovu hakina hatia, wala wewe huna," Teresa alisema. "Korodani huumbwa tumboni mwa mtoto mwenyewe, kisha hushuka. Ikipita miezi sita haijashuka, ni kazi ya daktari. Ungemleta mapema, lakini bado hujachelewa."

"Na tukiiacha?"

"Joto la tumboni huiharibu. Huenda akakosa mbegu za kutosha. Na ukubwani inaweza kuota saratani."

Kanze na mumewe, Chome, walivuka kwa feri kwenda hospitali Mombasa. Daktari Mwinga aliitafuta korodani kinenani, hakuipata. Akaeleza kwamba mtoto atalazwa usingizi kwa dawa asisikie maumivu. Kisha watatoboa tundu dogo, waingize mrija mwembamba wenye taa na kamera, na kuitafuta korodani kwenye televisheni.

"Mtatoboa wapi?" Kanze aliuliza.

"Kitovuni."

Kanze alimkumbatia mtoto akaelekea mlangoni. Chome alimshika mkono, akauliza kuna nini. Hapo ndipo alipomweleza mumewe ile siri.

"Umebeba haya peke yako muda wote huu?" Chome alisema. Akamketisha, kisha akatia sahihi karatasi ya upasuaji.

Saa mbili walizongoja zilikuwa ndefu kuliko miezi yote ya mimba. Hatimaye daktari alitoka. Korodani ilionekana tumboni, nzima, nao wameishusha mahali pake.

Wiki tatu baadaye vidonda vilikuwa vimepona. Kanze alimpelekea Bi Jumwa beseni, maji na mtoto. Bibi alipokuwa akimsugua mjukuu, Kanze alikaa karibu, akamsimulia kila kitu.

Bi Jumwa aliacha kusugua. Alimtazama mwanawe Chome, aliyekuwa akichanja kuni.

"Kitovu cha Chome nacho kilimwangukia mahali hapo hapo," alisema polepole. "Niliogopa miaka mingi. Nilipomwona Dzombo amezaliwa ndipo nilipopumua."

Akachota maji, akaendelea kumwogesha mtoto.