Bahari Iliyofungwa kwenye Kitenge

Jua lilikuwa linazama Tunduma, malori yamejipanga barabarani kama kawaida, Tabita alipofunika cherehani yake na kwenda kwa wifi yake, Gwantwa, kumchukua mwanawe Faith.

"Faith yuko uani anacheza. Njoo kwanza uone!" Gwantwa alimvuta sebuleni.

Ukutani palikuwa na picha ya bahari, imechorwa kwa rangi za maji. Tabita alikulia Ndalambo kwenye mahindi, bahari hakuwahi kuiona, lakini ile ilimtuliza moyo palepale. Buluu nyepesi, kisha nyepesi zaidi, mpaka karatasi yenyewe ikawa mbingu. Hakuna wimbi. Hakuna mtu. Ila majini palikuwa na doa dogo la pinki.

Na harufu... ya chumvi, ndani ya nyumba.

"Umeipata wapi, wifi?"

"Mama mmoja wa ng'ambo, Zambia huko, kaniletea zawadi. Aliifunga kwenye kitenge. Leo mchana kakifuata kitenge chake."

"Anaitwa nani?"

"Sasa nimhoji mtu aliyeniletea zawadi?"

Ndiye Gwantwa huyo. Mchekee tu, anakukaribisha mpaka jikoni.

"Na kitenge... umekirudisha kitupu?"

"Aka! Si aibu hiyo? Unga ulikuwa umeisha, nikamfungia sweta la Faith, lile la pinki linalombana. Alisema ana mjukuu."

Tabita akasogea karibu na picha. Lile doa lilikuwa na mikono miwili.

Aliogopa. Aliogopa hasa.

"Faith!"

Akageukia mlango wa uani.

"Faith!"

Mtoto akaingia kutoka uani, nywele zinachuruzika maji. Mvua haikuwa imenyesha tangu mavuno.

"Ulikuwa na nani?" Tabita alinong'ona.

"Na bibi."

Tabita hakuaga. Alimbeba mwanawe mgongoni, akakimbia mpaka kwake, akafunga komeo. Alipombusu shavuni, midomo yake ilibaki na chumvi. Akaketi sakafuni amemkumbatia, anaomba, na maombi yenyewe hayanyooki.

Mlango ukagongwa. Taratibu.

"Hodi..." Sauti ya mwanamke mtu mzima, ya upole kabisa. "Mama Faith... lile sweta lilikuja tupu."

Tabita alipeleka kiganja kumziba mtoto mdomo.

Alichelewa.

"Karibu, bibi," Faith akaitika.