Bahari Si Muhazi

Kila siku baada ya masomo, Raihana alipita katika duka la baba yake pale Gitega, mtaa wa Kigali, akakaa karibu na cherehani na kushona vifungo. Mzee Nasiri alikuwa fundi wa kanzu na sare za shule. Binti yake alikuwa hodari wa vifungo, na hodari zaidi wa maneno. Alijua kuogelea, maana mjomba wake alimfundisha katika ziwa Muhazi. Mtaa mzima ulilijua jambo hilo, kwa sababu mwenyewe alilitangaza.

Likizo ya mwaka 1990 ilipofika, Mzee Nasiri alimpeleka kwa shangazi yake huko Watamu, mji wa pwani ya Kenya ambako watalii huenda kuota jua. Pudentienne, binti wa jirani, alifuatana nao. Siku ya safari mama yake Pudentienne alimwambia Raihana, "Umwangalie mwenzako. Yeye hajui maji."

"Usiogope, mama," Raihana alijibu. "Iko na mimi."

Mzee Nasiri aliwaacha huko akarudi dukani, nao wasichana waliipenda Watamu tangu siku ya kwanza. Walikunywa madafu, wakacheza mchangani mpaka ngozi zikawawasha kwa chumvi. Mbele ya nyumba ya shangazi palikuwa na kisiwa kidogo cha mawe na vichaka. Asubuhi moja walikuta maji yameondoka, na mchanga mkavu umefika mpaka kisiwani.

"Msiende kule peke yenu," shangazi aliwaambia akichukua kikapu chake. "Nikitoka sokoni nitawapeleka."

Alipotoweka tu njiani, Raihana akasimama. "Kwa nini tumungoje? Maji iko mbali. Kule Muhazi tunaacha viatu pembeni ya maji, tunarudi tunavikuta."

Ni kweli, ziwa la kwao hukaa pale ulipoliacha. Raihana hakufikiri kwamba maji mengine yana desturi nyingine.

Walivuka kwa miguu wakicheka. Waliokota makombe, wakafukuza kaa, wakasahau kabisa habari za soko. Walipogeuka kurudi, mchanga haukuwapo. Waliingia hivyo hivyo, maji yakafika magotini, kisha kiunoni, na Pudentienne akamkamata Raihana shingoni.

"Mana yanjye! Mungu wangu! Maji inanivuta!"

Wakarudi kisiwani mbio. Raihana angeweza kuogelea hadi ng'ambo. Pudentienne asingeweza.

Punde ikapita mashua yenye kioo chini, ile ya kuwaonyesha watalii samaki. Nahodha wake alikuwa Mzee Kombo, jirani wa shangazi. Raihana alimvuta rafiki yake nyuma ya jiwe.

"Inama! Akituona atamwambia shangazi."

"Acha amwambie! Mimi siwezi kuogelea!"

"Tutangoja maji itoke tena."

"Itatoka saa ngapi?"

Raihana alitazama maji. Hakujua. Hakujua pia maji yale yangepanda hadi wapi, na tayari yalikuwa yanapiga jiwe walilojificha nyuma yake. Alimtazama Pudentienne, akamwona ameshikilia jiwe kwa mikono miwili, akaona haya kuliko siku zote za maisha yake. Alipanda juu ya jiwe, akavua mtandio wake na kuupunga kwa nguvu.

"Mzee Kombo! Tusaidie!"

Mashua ikageuka. Mzee Kombo aliwapakia mmoja mmoja. "Bahari imewafungia mlango, eh?" alisema, na watalii wakawapa taulo.

Shangazi alikuwa amesimama ufukweni, kikapu kingali mkononi. Raihana hakungoja kuulizwa.

"Shangazi, ni mimi nilimpeleka. Nilidhani bahari ni kama Muhazi. Na mashua ilipopita, nilimficha ili usijue."

Shangazi alimfunika Pudentienne kwa kanga kwanza, kisha akamgeukia.

"Kutojua maji kupwa na kujaa si kosa, mwanangu. Hukuzaliwa hapa. Ndiyo maana nilisema mningoje, na kuuliza si ujinga. Lakini pale nyuma ya jiwe, ulikuwa unamwokoa nani?"

Raihana alilia. "Nilikuwa najiokoa nisigombezwe. Nikifika Kigali nitamweleza mwenyewe mama yake Pudentienne."

"Utamweleza," shangazi alisema, akimfuta machozi. "Atakugombeza, na itakwisha siku hiyohiyo. Mtoto wa watu angezama, ungekwenda kumweleza nini?"