Bunduki Mbili, Mlango Mmoja

Alama ya kalamu ilikuwa imehama. Talib alikuwa na hakika kwamba asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliweka vema kwenye ile bunduki nyepesi, ukurasa wa kumi na nne wa katalogi ya duka la silaha. Aliporudi saa kumi na nusu jioni, mtaa wao wa Kenton, London, umeshaingia giza la Disemba, vema ile haikuwapo tena pale. Imekaa chini yake, kwenye ile nzito.

"Suad, umekishika kitabu changu?"

"Mimi na bunduki wapi na wapi?" mkewe alijibu kutoka jikoni. "Kwa tumbo hili hata viatu vyangu sivioni, sembuse hizo picha zako."

Mie simlaumu Talib kwa kutaka bunduki. Nina mengine ya kumlaumu, tutafika. Mtu kazaliwa Unguja, mwaka wa sitini na nne wakatolewa nyumbani kwao na watu wenye silaha. Akaenda Kampala, akajenga upya, mwaka wa sabini na mbili akatolewa tena, huku askari amekaa juu ya kabati la mamake akila mapapai. Leo yuko London mwaka mmoja na miezi, ana nyumba yake ya kushikana ukuta na jirani, nyumba aliyoipata kwa wepesi wa ajabu, maana muuzaji alimpa funguo kabla hajamuuliza jina. Halafu vijana wa mtaani wanamvunjia kioo na kumwandikia mlangoni arudi kwao. Kwao wapi? Kwao kote alishatolewa.

Jumamosi alasiri akamwita Balbir amsaidie kuchagua. Balbir Singh alikuwa fundi wa bunduki za wawindaji Nakuru kwa miaka ishirini. Hapa London alikuwa akikata tikiti kwenye basi, lakini ukimwonyesha picha ya bunduki macho yake yanarudi ujana.

"Zote mbili ni pampu," alisema, kidole juu ya katalogi. "Unavuta hapa chini ya mtutu, ganda linatoka, risasi nyingine inaingia. Hii nyepesi mwili wake ni alumini. Hata mama hapa ataiinua, lakini ikipiga, bega litalia. Hii nzito ni chuma kitupu, ina vyuma viwili vya kuvutia badala ya kimoja, haikwami hovyo. Mimi ningechukua nzito."

"Ngazini ipi itanifaa? Nikiwa juu, mtu anaingia mlangoni?"

"Wacha bwana! Sheria yao mtutu usipungue inchi ishirini na nne. Kwa ngazi yako hii ukigeuka tu umegonga ukuta. Na kwenye fomu ya polisi usiandike mambo ya mlango. Andika unawinda njiwa. Hapa mtu anapewa bunduki kwa sababu ya njiwa, kwa sababu ya mke hapewi."

Wakacheka. Walikuwa bado wanacheka, mara huko juu ya ngazi kukasikika chuma kinavutwa nyuma na kurudishwa mbele. Krak-chak.

Balbir akaweka kikombe chini polepole. "Kumbe ulishanunua."

"Sijanunua."

"Bwana Talib, hiyo ni pampu. Na ni ile nzito. Nyepesi mlio wake mwembamba."

Suad akatokea mlango wa jikoni, kashika kiuno. Uso umemtoka rangi, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyepata shahidi. "Mmeisikia? Basi sina wazimu. Kila alasiri, ukiwa hupo, hiyo hiyo. Na ukiondoka wewe, mlango haunifungukii. Leo siku ya nne sijatoka nje, Talib, nikikwambia unaniambia mbao zimevimba kwa unyevu."

Balbir alipanda juu. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na kiti kimoja cha mezani, kimewekwa kwenye kipande cha sakafu juu ya ngazi, kinatazama mlango wa mbele. Harufu ya mafuta ya bunduki ilimjaa puani, ile anayoijua kuliko harufu ya jasho lake. Akagusa kiti pa kukalia. Kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Alishuka haraka, akachukua koti lake. "Mimi ni fundi wa chuma," alimnong'oneza Talib. "Hiyo si kazi yangu."

Jumatatu, Talib alipokwenda kazini, Suad alivaa koti na kujaribu mlango tena, akageuza ufunguo ukageuka vizuri tu, akavuta na mlango haukuja, akavuta kwa mikono miwili huku akisoma kila sura ya Kurani aliyoijua, na nyuma yake, juu ya ngazi, kiti kikalia kama vile mtu mnene anainuka kwa uvivu, kisha ngazi ya kwanza ikalia, na ya pili, na ya tatu, taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua aliye mlangoni hana pa kwenda, na pumzi yenye harufu ya mafuta ikamfika shingoni, na mtoto tumboni akageuka, akageuka tena, akatulia upande ule ule ambako pumzi ile ilikuwa inatoka. Hakugeuza kichwa. Alibaki na paji la uso kwenye mbao mpaka mumewe aliporudi na kufungua kwa nje, kirahisi, kwa kidole kimoja.

"Nitolee mtoto wangu humu," alisema. Hakusema jingine usiku ule.

Ndipo Talib alipompigia simu Bi Jokha. Bi Jokha ni Mpemba, alikuwa anafagia shule moja mtaa wa Harrow, si mbali, na wenye mambo yao walikuwa wanajua kwamba anajua mambo ya majini. Alikuja Alhamisi mchana na chetezo ndani ya mfuko wa plastiki. Akawasha ubani sebuleni. Moshi haukupanda. Ulitambaa juu ya zulia, ukafika ngazini, ukapanda ngazi moja moja.

"Mh," alisema Bi Jokha, na sauti yake ikashuka. "Huyu hakuvunja mlango. Huyu kakaribishwa. Talib, siku uliyotoka Kampala, ulisema nini na hasira zako?"

Talib alitazama chini. "Nilikuwa nafunga mlango wa nyumba. Nikasema, atakayenipa nyumba ambayo hakuna wa kunitoa, mimi ni wake, na wangu wote."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Nilikuwa peke yangu."

"Hukusema ewe Mola wangu?"

"Nilikuwa na hasira, Bi Jokha."

"Lahaula! Nadhiri anawekewa Mungu, kwa jina lake. Wewe umeitupa kizingitini, aokote apitaye. Kaiokota." Akamshika Suad mkono. "Mwanangu, kumfukuza hafukuziki, nyumba ni yake. Mnatoka nyinyi. Wote, leo, kabla mtoto hajazaliwa, na funguo mnaziacha ndani. Mtoto akizaliwa nyote mko nje, nadhiri imekatika. Akibaki mmoja kwa hiari yake, kakubali kwa niaba ya wenziwe. Mmenisikia? Kwa hiari yake."

Alipomaliza kusema hivyo, mlango wa mbele ulifunguka wenyewe, wote, mpaka ukagonga ukuta. Baridi ikaingia. Ng'ambo ya barabara jirani Mwingereza alikuwa anaosha gari lake.

Bi Jokha alitoka kwanza, Suad nyuma yake na kandambili miguuni, hata mkoba hakuchukua. Alipofika kwenye lango dogo akageuka. Talib alikuwa amesimama juu ya mkeka wa kufutia miguu, ndani.

"Njoo, Talib."

"Nitoke tena?" Talib alisema. Alikuwa analia, mtu mzima yule. "Mara ya tatu, Suad? Unguja walinitoa, Kampala walinitoa. Hapa nijitoe mwenyewe, kwa miguu yangu?"

"Mlango uko wazi! Nani kakushika? Hebu niambie, nani kakushika?"

Hakuna aliyemshika, na hilo ndilo ninalomlaumu. Hatua moja tu. Alitazama barabara, akatazama ukuta alioupaka rangi kwa mikono yake, akatazama tumbo la mkewe, na moyo ukampasuka pande zote mbili. Nalijua hilo, lakini mguu hakuuinua.

"Tangulieni," alisema. "Mie nakuja sasa hivi."

Kisha akainama, akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni ya mkeka.

Walimsubiri Harrow kwa Bi Jokha siku hiyo, na Ijumaa, na Jumamosi. Jumapili alfajiri Suad alipelekwa hospitali, na saa tatu asubuhi akajifungua salama. Hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma, akamtuma Balbir: mwambie ana mtoto, labda hilo litamtoa.

Balbir alifika Kenton kabla ya saa sita mchana, akamkuta konstebo mlangoni amekuja kwa ajili ya ile fomu ya bunduki, maana Talib alikuwa keshaipeleka. Mlango ulikuwa wazi. Talib kasimama ndani, peku, kapungua, mpole.

"Bunduki sihitaji tena," alikuwa anamwambia askari. "Samahani kwa kukusumbua."

"Si neno. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Hapana, bwana. Mwenyewe yuko juu. Mimi namfungulia mlango tu."

Askari akainua macho kuelekea ngazini. Balbir naye akatazama, akaona kiti kitupu. Lakini yule askari alivua kofia yake ndefu, akaishika kifuani kwa adabu, akasikiliza kidogo kama mtu anayesemeshwa, akaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Balbir alikuwa bado hajafungua kinywa.

"Hongera sana," askari akamwambia Talib. "Mzee anasema umepata mtoto wa kike leo asubuhi. Anauliza utamleta lini."